Kozi ya kubofya, mkufunzi erevu au fundi wa karakana: kijana wako umkabidhi kwa nani?

Mwaka jana muuzaji mmoja alifika karakanani kwetu hapa Lubumbashi akiwa na kompyuta mpakato mbili na shati lililopigwa pasi hadi mikunjo inakata. Alikuwa anauza mafunzo ya umeme wa viwandani, "yenye akili bandia", akasema, akilitamka neno hilo polepole. Baada ya nusu saa ya picha za kupendeza nilimwomba anipishe kitini. Nikafungua somo la mota za fezi tatu, zile zinazolishwa kwa nyaya tatu za umeme, nikapewa swali: mota inapata volti 380, inavuta ampea 10, kosifi (sehemu ya umeme inayofanya kazi kweli) ni 0.85; inakula nguvu kiasi gani? Nikaandika kwa makusudi wati 3,230. Programu ikawaka nyekundu: "Si sahihi. Jaribu tena." Nikaandika 3,230 tena. Nyekundu tena, maneno yale yale. Mara ya tatu ikanionyesha jibu, wati 5,594, ikanipongeza kwa bidii yangu, ikanipeleka somo linalofuata.

Fundi wetu, tunayemwita Papa, alikuwa amesimama nyuma yangu akifuta mikono. Hakugusa kikokotoo. "Umesahau rasini ya tatu," akasema, akarudi kwenye mota yake.

Alikuwa sawa. Ukizidisha 380 kwa 10 kwa 0.85 unapata 3,230. Kilichokosekana ni kipeuo cha pili cha 3, ile 1.732 inayoingia pale umeme unapokuwa wa fezi tatu. Fundi aliliona kosa akajua lilikotoka. Programu iliona tu kwamba namba yangu haifanani na yake. Nimekuwa nikishughulikia mafunzo ya vijana katika kampuni ndogo zinazohudumia migodi kwa muda wa kutosha, na wakubwa wa karakana, walimu wa shule za ufundi na hata wazazi huniuliza kama ni afadhali kununua mafunzo ya kompyuta au kuendelea na fundi na daftari. Jibu langu huanza na ile 3,230. Kabla ya bei na picha, uliza: mwanafunzi akikosea katikati ya njia, nani atamwona, na atamwambia nini?

Wanaouzwa kwa jina moja

Tatizo la kwanza ni kwamba vitu tofauti kabisa vinaitwa "mafunzo ya kompyuta".

Kipo kwanza kile ninachokiita kozi ya kubofya: kurasa, video, maswali ya kuchagua a, b au c, na cheti mwishoni. Inasahihisha jibu, basi. Ni mtoto wa zamani sana. Mashine za kufundishia za B. F. Skinner za miaka ya 1950 zilifanya karibu hivyo hivyo bila umeme mwingi, na mwaka 1960 Chuo Kikuu cha Illinois kilianzisha PLATO, mfumo wa kufundishia kwa kompyuta.

Kingine ni mkufunzi erevu. Huyu tumboni ana mambo matatu. Analijua somo lenyewe, yaani ukimpa swali anaweza kulifanya mwenyewe kwa njia zaidi ya moja. Anatunza picha ya mwanafunzi: huyu ameshaiva kwenye kanuni ya Ohm, lakini kwenye fezi tatu bado anabahatisha. Halafu ana utaratibu wa kuamua aseme nini sasa, akupe dokezo, akae kimya, au akurudishe nyuma. Jaime Carbonell alionyesha mwaka 1970 kwamba jambo hili linawezekana, kwa programu iliyoitwa SCHOLAR iliyojibizana na mwanafunzi kuhusu jiografia ya Amerika Kusini. Baadaye kundi la John Anderson huko Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani, likatengeneza wakufunzi wa aljebra na jometri wanaofuata kila mstari unaouandika. Mkufunzi wa namna hiyo angeona 3,230 yangu angeuliza, "Umeme huu ni wa fezi ngapi?"

Kisha zimekuja programu za kuongea kama ChatGPT, ambazo watu wengi wanazichanganya na mkufunzi erevu. Nitazirudia, maana zina ubaya wake na uzuri wake.

Wa mwisho ni fundi mwenyewe, ambaye hauzwi dukani.

Namba zinasemaje

Mwaka 1984 Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago aliandika makala ambayo wauzaji wa mafunzo hawajaacha kuipeperusha hadi leo. Alisema mwanafunzi wa kawaida akifundishwa peke yake na mkufunzi mzuri, bila kuruhusiwa kusonga mbele kabla ya kuiva, anafika juu ya wanafunzi 98 kati ya 100 waliofundishwa darasani kwa njia ya kawaida. Bendera ya matumaini kweli. Lakini msingi wake ulikuwa kazi za wanafunzi wake wawili wa udaktari, na wengine walipokuja kupima kwa upana zaidi, mlima huo ulipungua urefu.

Aliyeupima vizuri kuliko wengi ni mtafiti Kurt VanLehn, mwaka 2011. Alikusanya majaribio mengi na kuuliza swali linalotuhusu: mkufunzi anaona nini? Mchukue kijana wa katikati. Ukiwapanga 100 kwa alama, yeye anawapita 50. Akipewa programu inayosahihisha jibu la mwisho tu, anapanda hadi kuwapita kama 62. Akipewa programu inayofuata kila hatua ya kazi yake, anafika kama 78. Akipewa mkufunzi binadamu wa kukaa naye ana kwa ana? Kama 78 pia, labda na nusu.

Soma namba hizo mara mbili. Kati ya kompyuta inayoona jibu na kompyuta inayoona hatua pana umbali mkubwa. Kati ya kompyuta inayoona hatua na binadamu, umbali ni kama hakuna. Zaidi ya hapo, kujaribu kuchimba ndani zaidi ya hatua, mkufunzi kuongea na mwanafunzi juu ya kila kipande cha wazo, hakukuongeza kitu. Kwa hiyo swali la "mashine au mtu" lilikuwa limekaa mahali pasipo pake tangu mwanzo.

Watafiti wengine, Wenting Ma na wenzake, walikuja na kazi nyingine mwaka 2014, iliyokusanya watu zaidi ya 14,000. Wao walimlinganisha mkufunzi erevu na kila mpinzani kwa zamu. Alimshinda mwalimu anayefundisha kundi kubwa. Aliishinda programu ya kawaida ya kompyuta. Alikishinda kitabu. Alipokutana na mkufunzi binadamu wa mtu mmoja mmoja, au na kundi dogo lenye mwalimu, hapakuwa na tofauti ya kuzungumzia. Kwa karakana yetu yenye vijana 11 na fundi mmoja, hiyo "kundi dogo" ni habari njema, nami niliidhihaki kwa muda mrefu bila sababu.

Sasa pilipili kidogo. Mwaka 2016 James Kulik na J. D. Fletcher walipitia majaribio 50 na kukuta kijana wetu wa katikati anapanda hadi kuwapita 75. Lakini waliona pia kwamba mtihani ukitungwa na watu wa nje, si wale walioitengeneza programu, faida inashuka sana. Na RAND, shirika la utafiti la Marekani, katika jaribio kubwa la mkufunzi wa aljebra kwenye shule za majimbo saba ya Marekani, lililochapishwa mwaka 2014, halikuona faida mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili, katika shule za sekondari ya juu, kijana wa katikati alifika 58. Programu ilikuwa ile ile, isipokuwa walimu walikuwa wameshakaa nayo mwaka mzima.

Sijui kwa nini wauzaji hawaitaji mwaka wa kwanza. Labda najua.

Kazi inayofanana na yetu

Aljebra ni jambo la shule. Karakana inataka mtu anayeweza kutafuta hitilafu: pampu imekataa kuwaka, maji yanapanda shimoni, na msimamizi amesimama mgongoni mwako anapiga simu. Kwa hilo kuna mifano miwili ninayoipenda, yote ya wanajeshi wa Marekani, maana wao ndio waliokuwa na fedha.

Jeshi la Anga lilikuwa na mafundi wa kutengeneza vifaa vya elektroniki vya ndege za F-15. Mashine ya kupimia vifaa hivyo ilikuwa ngumu kuliko vifaa vyenyewe, na ilipoharibika kijana mpya hakujua aanzie wapi. Alan Lesgold na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh wakatengeneza mkufunzi aitwaye Sherlock. Kijana alipewa hitilafu kwenye skrini, akachagua apime wapi, akaona kipimo, akaamua hatua inayofuata, na kila alipokwama alipata dokezo linalolingana na pale alipokwama. Baada ya saa 20 hadi 25 za kukaa nayo, vijana hao walitafuta hitilafu sawa na mafundi waliokaa kazini miaka kama minne.

Ukifikiri, haishangazi. Hitilafu ngumu hutokea mara chache. Fundi wa miaka minne amekutana nazo chache, zikiwa zimetawanyika kati ya siku nyingi za kukaza nati na kubeba ngazi. Sherlock alizikusanya hitilafu hizo, moja baada ya nyingine, katika wiki chache, na hakuna aliyekufa.

Mfano wa pili ni wa Jeshi la Majini, kwa mafundi wa mitandao ya kompyuta. DARPA, shirika la utafiti la wizara ya ulinzi ya Marekani, lililipia mkufunzi wa kidijiti aliyetengenezwa kwa kuwatazama kwanza wakufunzi binadamu hodari, wanavyouliza, wanavyonyamaza, wanavyorudisha swali. Wanafunzi walikaa wiki 16. Walipolinganishwa katika kutatua matatizo na wenzao waliokwisha kukaa melini kwa wastani wa miaka zaidi ya 9, wale wa wiki 16 ndio walioongoza. Niliposoma ripoti hiyo mara ya kwanza nilidhani mtu amekosea kuandika.

Ila angalia mazoezi yenyewe yalikuwa nini. Walipewa mtandao ulioharibika kweli wakautengeneza. Hawakuulizwa maana ya mtandao kwa a, b, c.

Bei, na sababu ya kutopata

Watu wa fani hii husema saa moja ya somo la mkufunzi erevu inaweza kula saa 200 hadi 300 za kazi ya watengenezaji. Lazima mtu aandike kila njia sahihi, kila njia ya kukosea inayojulikana, na la kusema katika kila njia panda. Kipeuo kilichosahaulika ni kosa moja tu katika somo moja. Ndiyo maana wakufunzi walioiva ni wa masomo yenye wanafunzi mamilioni, yaani hesabu, fizikia, programu za kompyuta, na si wa kufunga kontakta, ile swichi ya sumaku ya kuwashia mota, katika kiwanda cha Likasi. Na ndiyo maana muuzaji wangu alikuwa na kozi ya kubofya aliyoivalisha shati.

Ukiwa unamfundisha kijana hesabu za kuingilia ufundi, au msingi wa programu za kompyuta, wakufunzi wa hatua kwa hatua wapo, na baadhi ni bure. Ukitaka umeme wa fezi tatu kwa Kifaransa, ukiwa na mfano wa vifaa ulivyo navyo ukutani, jiandae kutafuta sana.

Kozi ya kubofya isidharauliwe yote

Kuna mahali ninainunua bila kusita. Mgeni anayeingia kwenye eneo la mgodi lazima ajue kofia, viatu, rangi za vibao, njia ya kukimbilia, nani wa kupigia simu. Hayo hayana hatua. Ni mambo ya kujua au kutojua. Kozi ya nusu saa inayosema yale yale kwa kila mtu, kila siku, bila kuchoka, inamshinda msimamizi ambaye saa nne asubuhi ameshairudia hotuba mara tatu na ameanza kuruka vipengele. Inakaa ndani ya kompyuta bila intaneti, na inaacha kumbukumbu ya nani alisoma lini. Nisingeongeza kitu juu yake, isipokuwa hili: nimeona kijana akimaliza kozi ya usalama ya saa moja kwa dakika 9, kwa kubofya tu hadi jibu liwe kijani. Mtafiti Ryan Baker, alipokuwa Carnegie Mellon, aliuchunguza ujanja huu mwaka 2004 na kukuta wanafunzi wanaoifanyia programu hila namna hiyo hujifunza kidogo kuliko wenzao. Yaani wenye hila wapo hata kwa wakufunzi erevu. Kwa hiyo mtu mmoja aketi chumbani.

Programu za kuongea

Vijana wetu tayari wanazo kwenye simu, hakuna aliyewauzia. Nimeipa mojawapo ile 3,230, na kweli iliniuliza kama mota ni ya fezi moja au tatu. Kwa hilo ilimshinda muuzaji palepale. Siku nyingine, kwa swali jingine la nyaya, ilinipa jibu la kujiamini ambalo lingemfanya mtu arushwe.

Jaribio lililonifumbua macho lilifanywa kwa wanafunzi karibu elfu moja wa sekondari nchini Uturuki, na Hamsa Bastani na wenzake, wakifanya mazoezi ya hesabu. Kundi moja lilipewa programu ya kuongea ya kawaida. Kundi jingine lilipewa ile ile, lakini imefungwa breki: itoe dokezo, isitoe jibu, na ilikuwa imepewa na walimu majibu na makosa ya kawaida ya kila swali. Wakati wa mazoezi, kundi la kwanza liliwapita wasio na programu kwa asilimia 48, na la pili kwa asilimia 127. Kisha programu zikaondolewa, mtihani ukaja. Kundi la kwanza likaanguka, asilimia 17 chini ya wale ambao hawakuwahi kuigusa. Kundi la pili halikuanguka namna hiyo, ila pia halikuwapita kwa kiasi cha maana wale waliotumia daftari.

Asilimia 127 mazoezini, na karibu sufuri mtihanini. Mkubwa anayepima mafunzo kwa kutazama mazoezi atalipa fedha nyingi kwa furaha kubwa.

Upande wa pili, Jimbo la Edo, Nigeria, mwaka 2024, wanafunzi walikaa na programu ya namna hii baada ya masomo kwa wiki 6, somo kuu likiwa Kiingereza, walimu wakiwa chumbani wakiwaongoza, na matokeo yalikuwa mazuri kwa kipimo chochote. Mwalimu chumbani: mara ya tatu sasa namtaja mtu huyo.

Fundi

Nimemwona Papa akiweka kiganja juu ya mota na kusema bearingi ya nyuma inaanza kufa. Ananusa rilei (swichi inayoendeshwa na umeme wenyewe) iliyoungua kabla hajafungua sanduku. Anajua kijana gani anatetemeka na gani anajifanya. Skrini haina pua, na mkono wa kijana haujifunzi kukaza skrubu ya shaba kwa kiasi chake kwa kubofya.

Lakini tuseme ukweli, hata kama ni mtu mzima. Fundi anafanya mambo ambayo ameshasahau kwa nini anayafanya, ukimuuliza anasema, "Fanya tu, utaelewa." Anafundisha pamoja na makosa yake, na vijana huyarithi kama jina la ukoo. Hana muda. Siku pampu imekufa hafundishi mtu, anatengeneza, na vijana wanashika tochi. Na anapotukana, kijana hataki tena kuonyesha asichojua. Mashine haimchoki mtu anayeuliza mara ya saba. Nimewaona vijana waoga wakichanua mbele ya skrini kwa sababu hiyo peke yake.

Umeme, mega na lugha

Ulinganisho ulioandikwa Pittsburgh haujui delestaji, yaani mgao wa umeme. Kuna waya mkubwa unaotoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700, mmoja wa mirefu duniani, na bado katika mitaa yetu ya Katuba au Ruashi jioni unaweza kutafuta kiberiti. Mafunzo yanayohitaji intaneti muda wote yameshashindwa kabla ya kuanza. Mtandao ukikatika katikati ya zoezi na programu ikasahau mwanafunzi alikuwa wapi, basi ile picha ya mwanafunzi tumboni mwake, ambayo ndiyo uerevu wenyewe, imepotea. Muulize muuzaji: inafanya kazi bila mtandao siku ngapi, na inakumbuka? Vijana wananunua mega za intaneti kwa pesa ya bukari, yaani ya ugali.

Lugha pia. Kijana wetu amesoma kwa Kifaransa, anafikiri kwa Kiswahili cha hapa, na kibao cha mashine kimeandikwa Kichina au Kiingereza. Somo la hatua kwa hatua linategemea mwanafunzi kulielewa dokezo. Dokezo asilolielewa ni rangi nyekundu nyingine tu. Programu za kuongea hujitahidi kwa Kiswahili sanifu, lakini iulize kwa Kiswahili cha mtaa wetu wa Kamalondo uone. Hapo fundi hana mpinzani.

Kama ningekuwa mahali pako

Una watu wengi na kanuni za kufuata: kozi ya kubofya, isiyohitaji mtandao, na mtu wa kuketi nao.

Una kijana anayedai hesabu zimemshinda: mtafutie mkufunzi wa hatua kwa hatua, hata wa Kiingereza, saa moja kila siku kwa miezi kadhaa, na usimhukumu katika wiki mbili. Usimpe programu ya kuongea isiyo na breki wakati wa mazoezi. Aipe programu hiyo kazi aliyokwisha kuifanya, aulize amekosea wapi. Hiyo ni njia tofauti kabisa.

Una karakana na unataka watafuta hitilafu: hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, maana ninachotaka ni Sherlock na hakiuzwi kwetu. Kabla ya kununua chochote, chukua makosa matatu ya kweli ya vijana wako, kaa kwenye kiti cha muuzaji, na uyafanye. Asikuchagulie yeye swali. Ukiambiwa "jaribu tena" mara mbili, funga kompyuta.

Mwenye karakana mwenye fundi mzuri na vijana wasiozidi sita, sioni sababu ya kumuuzia skrini yoyote. Ana tayari kile ambacho tafiti zinajitahidi kukiiga. Amlipe fundi saa za kufundisha, nje ya saa za kutengeneza. Wengi hawafanyi hivyo, halafu wananunua programu.

Sisi hatimaye hatukununua. Tulichukua ubao wa mbao, tukaufunga kontakta, rilei ya joto, fyuzi tatu, vibonye na mota ndogo, kila kitu mbele ya macho. Nyuma yake Papa aliweka swichi 14 zilizofichwa, kila moja inaleta hitilafu moja: waya wa koili umekatika, fezi moja haipo, rilei imeruka, na nyingine za kishetani anazozijua mwenyewe. Mimi niliandika daftari. Kila hitilafu ina ukurasa: kijana apime wapi kwanza, akikosea kwa namna hii aulizwe nini, akikosea kwa namna ile aulizwe nini. Sharti moja kwa anayesimamia, hata awe kijana mwenzake aliyepita jana: haruhusiwi kutoa jibu, anasoma swali lililoandikwa tu. Na kabla ya kugusa kipimo, anayejaribu lazima aseme kwa sauti anatarajia kuona nini. "Kati ya fezi hii na hii nitapata 380." Akipata 220 au sufuri, hapo ndipo somo linapoanza.

Daftari lilitula miezi mitatu ya jioni kwa hitilafu 14. Zile saa 200 hazikunishangaza tena. Papa alikataa mwanzoni, akidai anafundisha hivyo tangu zamani, mpaka alipogundua kwamba ukurasa wa saba ulikuwa na njia asiyoijua, aliyoibuni kijana wa Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, kwa kupima nyuma kuja mbele. Alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia niiandike.

Kwa hesabu za nguvu, ubao hautoshi, na hapo bado nina nafasi ya mashine. Muuzaji alipiga simu juzi, anasema toleo jipya limetoka. Nimemwambia aje Alhamisi, mapema, kabla umeme haujakatwa.